Mrejesho: mgongo wa mzee, haikuwa TB

Wakuu habari, ni mimi niliyeuliza kuhusu baba kuumwa mgongo na homa za usiku, picha ya MRI ikaonyesha maambukizi kwenye pingili mbili za kiunoni tukaanza kubishana kama ni TB. Majibu ya kuotesha vijidudu maabara yametoka, ni bakteria anaitwa Staphylococcus aureus, kumbe daktari alikuwa sahihi kugoma kuanza dozi mpaka wachome sindano mgongoni wachukue kinyama cha kupima, maana dawa ikitangulia mara nyingi hakioti kitu (na nilivyomnunia siku ile!). Kapigwa antibayotiki ya kloxasilini ya mshipani wiki 6, kila masaa 6, mkono wa kushoto ukavimba wote kwa kanula wakahamia wa kulia, nesi akija saa sita usiku mzee anajifanya kalala 😂

CRP (kipimo cha damu, hupanda mwili ukiwa na maambukizi) ilikuwa 148 sasa 9. MRI ya marudio bado inatisha ila daktari kasema picha huchelewa kuonyesha nafuu, tufuate maumivu na vipimo vya damu. Jana kaenda msikitini kwa miguu, kaswali kwenye kiti. Na yule aliyenishauri tumpeleke akakandwe, aisee hapana.