Ratsasan: huyu muuaji alipewa ugonjwa ili iweje?

Wakuu, kama hujaitazama ishia hapa, maana namtaja muuaji.

Ratsasan ni filamu ya India, ya lugha ya Kitamil, ya mwaka 2018, mwongozaji ni Ram Kumar. Vishnu Vishal anacheza Arun, kijana anayetamani kutengeneza filamu ya wauaji. Watayarishaji wanamkataa, anaishia kujiunga na polisi. Wasichana wa shule wanatekwa na kuuawa mmoja baada ya mwingine, na muuaji huacha boksi la zawadi lenye mwanasesere aliyeharibiwa. Kwa kusisimua, sina neno. Muziki wa Ghibran peke yake utakufanya uwashe taa.

Tatizo langu ni muuaji mwenyewe, Christopher. Tangu utotoni ana ugonjwa wa kuzeeka mapema. Shuleni wakamcheka, msichana aliyempenda akamkataa na kumdhalilisha, basi akawa mchinjaji. Sasa projeria, ugonjwa unaowazeesha watoto, ni nadra mno, na wengi wenye nao hufa kwa maradhi ya moyo wakiwa na miaka kama 14. Watoto hao ndio wamegeuzwa sura ya kututishia usiku?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba filamu hiyohiyo ina mwalimu Inbaraj, anayewatisha wanafunzi wa kike kwa alama za mtihani ili awanyanyase kingono. Hana ugonjwa wowote, na wazazi wamemkabidhi watoto wao. Filamu inamtumia kama chambo cha kutupoteza, kisha inamweka kando na kutuletea uso wenye makunyanzi. Mimi nasema watunzi waache kumpa muuaji ugonjwa ili atishe. Anayepinga aje.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Napinga. Christopher hakuua kwa sababu ya ugonjwa, aliua kwa sababu ya kuchekwa, tena mama yake akimsaidia. Hilo ni onyo kwa shule zinazoacha watoto wadhihakiwe.

MLETA MADA: Onyo gani hilo? Mtoto aliyekuwa anachekwa, sasa ataogopwa pia. Wanaodhihakiwa shuleni ni wengi sana, na hawachinji mtu.

MCHANGIAJI WA PILI: Biashara hiyo, wakuu. Mwaka 2019 wameirudia kwa Kitelugu, Rakshasudu. 2022 ikaja ya Kihindi, Cuttputlli, ya Akshay Kumar. Watu wangekuwa wamechukizwa, nani angeweka hela yake mara tatu? Halafu mbona hamsemi kuhusu bosi wa Arun, anayempuuza kwa kiburi tu huku watoto wanaisha? Pale ndipo nilipokasirika mimi.

MLETA MADA: Kuuza sana hakujibu hoja yangu. La bosi nakubali.

MCHANGIAJI WA TATU: Mimi la mwalimu ndilo limenigusa. Nina binti yuko sekondari. Muuaji anaingia shuleni kufanya mazingaombwe akiwa amejigeuza mwanamke, si mnakumbuka? Filamu ilipoisha binti akaniuliza kama na shuleni kwao mtu wa mazingaombwe anaweza kuja. Kuhusu mwalimu hakuuliza kitu, ikabidi nianze mwenyewe, na sikujua pa kuanzia.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Subiri kwanza mkuu. Ile filamu umeitazama na binti wa sekondari?