Bangkok kwa mara ya kwanza: nile barabarani au nisile?

Binti_Msimbazi: Wakuu, Alhamisi naondoka kwenda Bangkok kufuata mzigo wa nguo soko la Pratunam. Sijawahi kufika. Nakaa siku 6. Kaka yangu kanikanya nisiguse chakula cha barabarani, nibebe biskuti na maharage ya kopo. Shoga yangu aliyewahi kwenda anasema nikila hotelini kila siku nitakula mtaji. Mimi ni Mwislamu, hilo mlizingatie. Na vinywaji vyenye barafu je? Mliofika, nisaidieni.

Kaka_Mzigo: Kula dada, usiogope. Nimekwenda mara 9. Bakuli la tambi ni baht (pesa ya Thailand) 50 au 60, unapikiwa ukiona, supu inatokota muda wote. Siku pekee niliyolala na tumbo ni baada ya kula wali wa hotelini uliopangwa mezani tangu asubuhi. Kwanza sisi tuliokulia kwa mama ntilie wa Kariakoo, kwenye masufuria ambayo hayajaona sabuni, Bangkok itatufanya nini?

Nesi_wa_Zamu: Kaka, homa ya matumbo haimuulizi mtu amekulia wapi, wala homa ya ini aina ya A. Zote mbili zina chanjo, ingawa kwa safari ya Alhamisi dada kachelewa kidogo. Aende kliniki hata kesho. Cha kuangalia ni moto na muda. Kilichotoka kwenye kikaango sasa hivi, kula. Wali uliopoa kwa saa nyingi uache, maana kuna bakteria wanaoacha sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Na ile kachumbari yao ya papai bichi, som tam, ina aina nyingi. Yenye kaa wadogo wabichi wa chumvi na samaki waliochachushwa usiiguse. Kule kaskazini mashariki mwa Thailand samaki wabichi wa mtoni wamewapa watu minyoo ya ini, na minyoo hiyo ikikaa miaka mingi huleta saratani ya njia za nyongo. Beba pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini ukiharisha, usibebe maharage.

Mwana_wa_Tandale: Mimi nimesoma hadi "masufuria ambayo hayajaona sabuni" nikashindwa kuendelea. Mama yangu kauza wali maharage Kariakoo miaka 17. Saa 10 alfajiri yuko nje anasugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka unajiona sura. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye sufuria hizo. Kaka_Mzigo, futa kauli.

Kaka_Mzigo: Sikumtaja mama yako, mkuu. Wapo wasafi na wapo wachafu, na tusidanganyane. Umesahau kipindupindu cha 2015 hapa Dar? Walioambiwa wafunge biashara ni akina nani?

Mwana_wa_Tandale: Ndiyo hivyo, wakaambiwa wafunge. Nani aliambiwa awavutie bomba la maji? Kipindupindu kinakuja na maji. Mama ananunua maji kwa ndoo, anaosha sahani 100 kwa ndoo mbili, halafu wewe uliyeshiba kwa bei yake unamwita mchafu. Ukifika Bangkok unamsifu mama wa kule kwa kazi ileile, kwa sababu umepanda ndege kumfuata.

Kaka_Mzigo: Kule wanastahili sifa. Jay Fai, mama wa Bangkok anayepika kwa mkaa akiwa amevaa miwani mikubwa ya kukinga mafuta, alipewa nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa bora duniani, mwaka 2017.

Mwana_wa_Tandale: Na kimanda chake cha kaa kiliuzwa kama baht 1,000 baada ya nyota hiyo. Ungeweza kumlipa mama yangu bei hiyo?

Mpangaji_Miji: Mwana wa Tandale kagusa penyewe. Singapore iliwatoa wauzaji wa chakula barabarani miaka ya 70 na 80, lakini iliwajengea majengo yenye mabomba, mifereji na meza. Mwaka 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi. Bangkok nayo mwaka 2017 jiji lilitangaza kuwaondoa kwenye njia za miguu, watu wakapiga kelele, ikabidi liseme wa mitaa ya Yaowarat na Khao San wataachwa chini ya utaratibu. Sisi mwaka 2021 tuliwaondoa wamachinga kwenye njia za miguu na mama lishe wakaondoka nao. Swali langu: kati ya hao watatu tunamfuata nani?

Kaka_Mzigo: Mimi nafuata Singapore. Mtembea kwa miguu naye ana haki ya kupita.

Mwana_wa_Tandale: Mteja wa mama lishe ni mbeba mizigo, ana nusu saa ya kula. Ukimhamishia mama mbali, mteja hamfuati. Anakula mhogo mkavu anarudi kazini. Na radhi bado hujaomba.

Bin_Kibokoni: Jamani, dadangu aliuliza chakula. Nakujibu kutoka Mombasa. Hapo Pratunam tembea kidogo hadi Phetchaburi Soi 7, uulize Masjid Darul Aman. Pembeni ya msikiti kuna vibanda vya Waislamu. Kula khao mok gai, wali wa manjano na kuku. Ukifunua sahani utadhani umeketi Kibokoni, ingawa biriani yetu rojo yake hupikwa kando. Roti zao ni chapati zetu, ila wao hutia ndizi ndani na maziwa mazito juu. Jitahadhari na moo ping. Kwa macho ni mshikaki, kumbe nguruwe. Moo ni nguruwe, gai ni kuku. Na usitosheke na kusema "usinitilie nguruwe", maana kikaango ni kilekile na mafuta huenda ni yake. Tafuta alama ya halali.

Binti_Msimbazi: Allah akulipe kheri, Bin Kibokoni. Nesi, chanjo nafuata kesho. Mwana wa Tandale, nami nakula kwa mama lishe kila siku na hajawahi kuniumiza tumbo. Lakini la barafu hakuna aliyenijibu.

Nesi_wa_Zamu: Vipande vya duara vyenye tundu katikati vinatengenezwa kiwandani kwa maji yaliyosafishwa. Angalia tu vimetunzwa wapi na vinachotwa kwa mkono au kwa kijiko. Ya kuchongwa kutoka kwenye bonge, acha.

Mwana_wa_Tandale: Safari njema, dada. Kaka_Mzigo, bado nakungoja.