Banda la kuku lililotumika: Jik pekee inatosha?

Mgeni_Utawala: Hamjambo wafugaji. Nimenunua banda lililotumika, futi 4 kwa 8, mbao za sayprasi na paa la mabati, sakafu pia ni mbao. Limekaa tupu mwezi mzima ila kinyesi kimegandamana kwenye fito za kulalia na ndani ya viota. Aliyeniuzia hasemi kuku wake waliishia wapi. Nataka kuingiza kienyeji 20 wa wiki 8. Nikimwagia Jik na kuacha siku moja, nitakuwa nimemaliza?

Fundi_Mabanda: Hapana, ndugu. Jik ikikutana na kinyesi nguvu yake inaishia hapo hapo kwenye uchafu, haifiki kwenye ubao. Pia Jik kali juu ya kinyesi kibichi hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Kwanza banda liwe safi hata kwa kuliangalia, ndipo dawa iingie.

Toa kila kinachotoka. Maranda, nyasi za viota na fito zilizopasuka choma. Fito mpya ni bei nafuu kuliko kuku mgonjwa. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kukwangua, maana vumbi la manyoya hubeba virusi vya Marek, ugonjwa unaopoozesha kuku, kwa miezi mingi, nawe usilivute, vaa barakoa. Kwangua kwa chepe na brashi ya waya. Kisha maji moto na sabuni ya unga, sugua kuanzia darini kushuka chini, suuza, acha likauke kabisa. Hapa ndipo wengi wanaharakisha: ubao ukiwa bado umelowa, dawa inazimuliwa na yale maji.

Jik ya asilimia 3.5, nusu lita kwenye ndoo ya lita 10 za maji baridi. Changanya siku ile ile, ikilala inapoteza makali. Pulizia hadi ubao ubaki majimaji dakika 10, kisha suuza wavu wa waya, la sivyo utashika kutu. Usichanganye na siki wala dawa ya choo, hewa yake inaua.

Kwa wasiwasi wa Gumboro au kideri, magonjwa ya virusi ya kuku, Virkon S, unga wa kuulia vijidudu, ni bora: gramu 100 kwa lita 10 za maji.

Dada_Agroveti: Fundi amesahau wadudu. Mwezi mmoja tupu si kitu. Utitiri mwekundu hukaa miezi kadhaa bila kula, na papasi wa kuku huvumilia hata miaka. Usitafute wekundu: wenye njaa ni wa kijivu, kama vumbi linalotembea. Ingiza kisu kwenye ufa ambapo fito inakaa, chini ya viota na kwenye maungio ya paa, kisha pangusa kwa karatasi nyeupe. Ukiona vidoa vinavyojongea, puliza dawa ya pamethrini kwa kipimo cha kibandiko chake, rudia baada ya siku 7, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Baada ya hapo ziba nyufa, paka chokaa ndani. Dawa ikauke kabisa kabla kuku hawajaingia.

Mgeni_Utawala: Asanteni. Na ile ya kuhara damu? Jirani anasema nipake oili chafu kila mahali.

Fundi_Mabanda: Oili chafu iache nje, kwenye miguu ya banda, kwa ajili ya mchwa. Ndani itachafua mayai na manyoya.

Hiyo ya kuhara damu huletwa na vimelea vya koksidia. Koksidia ndiyo Jik haiiwezi, ganda la mayai yake ni gumu mno. Joto na ukavu ndivyo vinaimaliza. Mimina maji yanayochemka polepole kwenye sakafu, hasa pembeni. Nairobi yanachemka kwenye digrii 94 hivi, yanatosha, ila yasipoe njiani. Au pitisha moto wa gesi juu ya wavu na vyuma, mbao ziguse haraka tu, ndoo ya maji ikiwa karibu. Kisha geuza banda, sakafu itazame jua siku 3 kavu mfululizo. Mwezi wa nne na mvua hii, subiri.

Dada_Agroveti: Na hao 20 wapunguze, dadangu au kakangu. Futi 32 za mraba ni kuku 16 wakubwa, futi 2 kila mmoja. Wakibanana, maranda yanabaki majimaji na koksidia inarudi.

Mgeni_Utawala: Kaka. Naweka 15.