Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege: mbona umbali na muda havilingani?

Mgeni wa Ziwa:
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao nina kikao cha ukoo Magu, na kwa kuwa ruhusa ya kazini ni ya siku mbili tu, nimeamua kwenda Mwanza kwa ndege badala ya basi nililolizoea. Kinachonitatiza ni umbali: kwa barabara naambiwa ni takriban kilomita 1,150, tovuti moja inaandika 850 na nyingine 460. Hiyo 460 nilidhani ni maili, nikazidisha kwa 1.6 nikapata 736, nikazidi kuchanganyikiwa. Isitoshe, nasikia jeti hukata zaidi ya kilomita 800 kwa saa, ilhali tiketi inaonyesha kuondoka 06:10 na kufika 07:40. Nusu saa ya ziada inakwenda wapi? Na kikao cha saa nne asubuhi nitakiwahi?

Hesabu za Njia:
Ndugu, takwimu zote tatu ni sahihi, ila kila moja inapima kitu chake. Hiyo 460 ni maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazozitumia, na kila moja ni sawa na kilomita 1.852, zidisha upya utapata takriban 850. Huo ndio umbali wa mstari ulionyooka. Barabara inapitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, wakati mstari huo unakatiza juu ya nyika ya Wamasai na kuiacha Dodoma upande wa kusini kwa zaidi ya kilomita 150. Hata hivyo, ndege nayo hainyooki kabisa, kwa sababu hulazimika kuzunguka kidogo ili ikae sawa na njia ya kurukia na ya kutulia.

Abiria wa Alfajiri:
Kuhusu nusu saa, niliwahi kupima kwa saa yangu ya mkononi katika safari hiyohiyo, kwa jeti. Mlango ulifungwa 06:14, magurudumu yakaachana na ardhi 06:29, yakagusa Mwanza 07:37, na injini zikazimwa 07:44. Angani tulikaa dakika 68 tu. Zilizobaki ni za kusukumwa nyuma, kusubiri zamu na kutembea ardhini, nazo zote zimo katika muda wa tiketi. Tena ile kasi ya 800 si ya safari nzima, kwani ndege hupanda kwa mwendo mdogo zaidi, na huanza kushuka ikiwa bado na kilomita 180 hivi mbele yake, jambo utakaloligundua masikio yakianza kuziba kabla hujaliona ziwa.

Mgeni wa Ziwa:
Nashukuru sana, sasa nimeelewa. Je, ndege zote hutumia muda huohuo?

Hesabu za Njia:
Hapana. Ndege ya pangaboi, kama ile Dash 8 Q400, huenda kama kilomita 650 kwa saa, kwa hiyo ongeza robo saa au zaidi. Tazama aina ya ndege kwenye tiketi yako.

Abiria wa Alfajiri:
Naongeza mawili. Kwanza, 06:10 ya tiketi ni saa kumi na mbili na dakika kumi alfajiri, si saa sita. Nimeshuhudia mzee mmoja akifika uwanjani mchana na begi lake, ndege yake ilikwisha kurudi zamani. Pili, uwanja wa Mwanza uko Ilemela, kando ya ziwa, na Magu iko upande wa pili wa jiji, kama kilomita 60 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Ukitoka nje saa mbili na robo na gari likiwa linakusubiri, saa nne utaiwahi, lakini ndege ikichelewa saa moja tu utawakuta wazee wamekwisha kufungua kikao. Mimi ningekuwa wewe ningesafiri jioni ya siku iliyotangulia.