Bi mkubwa anaumwa mapaja tangu aanze dawa za lehemu (kolesteroli), naomba dawa ya asili

kijana_wa_Mwanga: Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa wangu ana miaka 61, tupo Kigoma mjini. Mwezi wa nne alipimwa akakutwa na lehemu 7.1, akaandikiwa simvastatin 40 kila usiku. Wiki hii mapaja na mabega yanamuuma, ndoo ya maji haiinuki. Naona hizi dawa za hospitali zinammaliza. Mwenye dawa ya asili ya kushusha lehemu anisaidie, nimechanganyikiwa.

Mgebuka Mkavu: Pole mkuu. Ila mawese msiyasingizie. Babu yangu Ujiji kala mgebuka wa mawese mpaka miaka 90.

Mama Wawili: Babu yako alikwenda shamba kwa miguu, sisi tunapanda bajaji mpaka sokoni. Karibu nusu ya mawese ni mafuta yale yanayoganda, ndiyo yanayopandisha lehemu. Mimi nilipunguza, sasa dagaa nawachemsha na nyanya. Na nyie vijana, mama mnamkumbuka akishalala kitandani!

kaunta_ya_dawa: Mimi ni mfamasia. Kijana, miezi yote kameza bila shida, maumivu yameanza wiki hii. Kaanza dawa gani nyingine? Taja zote.

kijana_wa_Mwanga: Hakuna. Panadol tu.

kaunta_ya_dawa: Antibayotiki? Dawa ya fangasi? Kumbuka vizuri.

Sina Haraka: Hii chai. ID mpya, uzi wa kwanza, anatafuta "dawa ya asili". Kesho mwenzake ataleta namba ya simu na bei ya chupa. Tumewazoea.

kijana_wa_Mwanga: Chai? Leo asubuhi nimemshika mkono mpaka chooni, mama yangu mzazi! Haya, kuna za vidonda vya tumbo. Nilinunua mwenyewe duka la dawa, leo siku ya sita: amoxicillin, omeprazole, clarithromycin. Muuzaji hakuniuliza kitu. Tumbo na lehemu wapi na wapi? Na unga wa majani nimeshaulipia 30,000, kesho anaanza. Siwezi kumwangalia tu anaumia.

kaunta_ya_dawa: Ni hiyo clarithromycin. Inalizuia ini kuivunja simvastatin, inajaa kwenye damu, misuli inaharibika. Hizo mbili hazimezwi pamoja kabisa. Mkojo wake una rangi gani?

kijana_wa_Mwanga: Kama chai ya rangi, tangu jana. Nilidhani hanywi maji.

kaunta_ya_dawa: Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi. Simvastatin na clarithromycin asimeze tena mpaka daktari aseme. Unga usimpe. Waombe kipimo cha CK, kile cha damu kinachoonyesha misuli imeharibika kiasi gani, na cha figo, maana misuli ikivunjika, mabaki yake yanaumiza figo. Lehemu itasubiri, dawa za kushusha zipo za aina nyingine. Mimi mgonjwa wa lehemu akija kaunta, namwandikia kwa kalamu nyuma ya boksi: "Kabla ya dawa mpya, nionyeshe hii." Wengine wananicheka, lakini wanarudi nalo.

Mama Wawili: Mwanangu, nenda. Nisamehe kwa maneno yangu.

Sina Haraka: Mkuu nimekosea. Usafiri unao?

kijana_wa_Mwanga: Bajaji ipo mlangoni. Maboksi yote yako kwenye rambo. Na ule unga nao niubebe?

kaunta_ya_dawa: Nao ubebe.