Waliotembelea ngome za kale na miji ya hija ya Wahindu kule India, tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Watu wetu wengi wanaenda India, wengine kusoma wengine kupeleka wagonjwa, ila wakirudi stori ni chuo na hospitali tu. Mi nimesoma Pune, mji wa jimbo la Maharashtra, na nasema wazi, ukirudi bila kupanda ngome hata moja umeikosa ile nchi. Naanza mimi.

Ngome iliyonikaa moyoni ni Murud-Janjira, iko baharini kusini ya Mumbai. Unafika kijiji cha Rajapuri unapanda mashua ya tanga, mnaizunguka ngome na geti hulioni mpaka mko karibu kabisa na ukuta, ndo hapo unaelewa kwanini maadui walihangaika. Sasa sikilizeni, watawala wake walikuwa Wasidi, watu wenye asili ya Afrika! Shivaji mwenyewe, yule mfalme wa Wamaratha, alijaribu kuichukua akashindwa, mwanae Sambhaji naye akashindwa. Ndani kuna mabwawa ya maji baridi wakati pande zote ni bahari, na mizinga mikubwa bado ipo pale juu. Nilishika ule ukuta nikajiuliza shuleni kwanini hatukusimuliwa haya, maana hii nayo ni historia yetu. Msiende wakati wa mvua za masika yao, Juni mpaka Septemba, mashua zinasimama.

Mdau wa Dodoma:
Mkuu hapo Pune umeisahau ngome ya Sinhagad, wikendi vijana wote wako kule. Tanaji Malusare, kamanda wa Shivaji, alifia pale 1670 akiikomboa usiku, na wenyeji wanakusimulia kwa uchungu kama msiba wa juzi. Juu kuna wamama wanauza pithla na bhakri, yaani rojo la unga wa dengu na mkate wa mtama, sisi wa mtama tulikula tukaongeza. Ngome ya Raigad alikotawazwa Shivaji 1674 ni mbali kidogo na ngazi zinapita 1,700, mwenye magoti mabovu apande kiberenge cha kamba. Pale kaburini kwake watu wanavua viatu, na wewe vua.

Dada wa Morogoro:
Mimi ngome sikupanda, nilikuwa na mama yangu mgonjwa, ila niliona mahujaji wa Pandharpur, mji wa hekalu la mungu Vitthal, wakipita Pune na sitasahau. Wanatoka Alandi na Dehu na nyayo za watakatifu wao Dnyaneshwar na Tukaram zimebebwa kwenye machela, wanatembea kama wiki tatu, wazee kabisa, wanawake na vyungu vya mrehani kichwani, wanaimba njia nzima, na watu wa mtaa wanatoka kuwapa maji, ndizi, wengine wanawakanda miguu. Mama akasema nitoe na mimi maji, nikatoa. Baadaye jirani akatupeleka Pandharpur kwenyewe, akatuonesha kaburi la Chokhamela chini ya ngazi za hekalu. Huyu alikuwa mtakatifu na mtunzi wa nyimbo lakini kwa sababu ya tabaka lake hakuruhusiwa kuingia ndani, na watu wa tabaka hilo waliendelea kuzuiwa mpaka 1947 pale mwanaharakati Sane Guruji alipofunga kula ndo milango ikafunguliwa. Mi nililia pale jamani, siwafichi.

Mdau wa Mombasa:
Ndugu zangu, mie nlienda Gujarat. Ile ngome ya Diu, kisiwa cha pwani ya huko, Wareno waliianza 1535, na Fort Jesus yetu 1593, zote chini ya utawala wao wa Goa, na ukisimama juu ya kuta za Diu ukaangalia bahari utajihisi uko Mji wa Kale. Ni bahari hiyohiyo iliyowaleta mababu za majirani zetu Wahindi kwa jahazi. Kutoka pale nlipitiliza Somnath, kwenye hekalu la mungu Shiva. Simu na kamera ni marufuku hekaluni, unaziacha kwenye makabati nje, na kwa kweli ibada ya jioni ni tamu zaidi watu wasipokuwa na simu mikononi.

Asanteni sana wadau, dada wa Morogoro umenigusa. Kwa watakaopita Varanasi, pale Manikarnika, ngazi za ukingo wa mto Ganges wanapochoma maiti, usipige picha, watu wako msibani. Halafu 2027 Kumbh Mela, ile hija kubwa ya kuoga mtoni, inarudi Nashik na nataka kwenda, kuna yeyote alikuwepo ile ya 2015? Malazi mlipata wapi, Nashik mjini au kule kwenye hekalu la Trimbakeshwar?