Nywele zimegoma mabegani: nikikata ncha narudi nyuma, nisipokata zinapasuka. Nifanyeje?

Binti Lanet (mwenye uzi)

Wadau hamjambo. Niko Nakuru, upande wa Lanet, na nimechoka. Nilinyoa nywele za dawa Desemba 2021, mwezi uleule Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, kwa hiyo tarehe siisahau: mji umekuwa jiji, mimi nimekuwa kipara. Tangu hapo sijatia dawa tena. Leo ukivuta unywele wangu mmoja ukanyooka, unagusa bega. Shida ni kwamba mwaka jana pia ulikuwa unagusa bega. Na mwaka juzi.

Ncha ndizo zinanimaliza. Nikisimama dirishani na kushika fungu naona nyingine zimegawanyika kama ulimi wa nyoka, nyingine zimechanuka kama ufagio wa njiti, na kuna zenye kidoti cheupe ambacho mwanzoni nilidhani ni mayai ya chawa (nilioga mara mbili siku hiyo). Nikichana, kwenye sinki vinabaki vipande vifupi vifupi, si nywele nzima.

Saluni ninayoenda, kila baada ya miezi mitatu dada ananikata "kidogo tu". Kidogo chake ni vidole viwili. Mama yuko Vihiga na anasema niache kukatakata, nywele ikisumbuliwa inakasirika. Mwenzangu kazini anasema nipake yai. Mdogo wangu anaolewa Desemba na niliapa safari hii nitafunga nywele zangu mwenyewe, bila za dukani. Nikate zote, nisiguse, au kuna dawa ya kuziunganisha?

Omwami

Nyoa para dada, uokoe maji. Huko kwenu si ni ya mgao?

Nyar Kisumo

Mpuuze huyo. Mimi ni msusi, niko Kondele, Kisumu, mwaka wa kumi na moja sasa. Kabla sijasema neno nijibu haya: unaosha na nini, unakausha na nini, unalala umevaa nini kichwani, na ukifumua rasta, zile za nywele za dukani, unafumua na nini? Usinidanganye, mimi si mama yako.

Mwalimu wa Kemia

Nikisubiri ajibu, niondoe hilo la dawa ya kuunganisha. Haipo. Ngozi ikichanika inapona kwa sababu iko hai. Unywele ukishatoka kichwani ni kama ukucha, hauna damu wala chembe hai ya kuujenga upya. Kwa nje una magamba yaliyolaliana kama mabati ya paa, ndani una nyuzi nyingi zilizoshikana. Mabati yakishang'oka, nyuzi zinaachana. Umewahi kuona mwisho wa kamba ya mkonge uliofumuka? Paka mafuta utakavyo, kamba haijirudishi.

Kondishena nyingi zina vitu vya jamii ya silikoni, soma nyuma ya chupa utaona dimethikoni. Hivyo vinaugandisha mpasuko kwa muda, nywele inateleza, inang'aa, unafurahi. Ukiosha vizuri, ulimi wa nyoka unarudi. Si vibaya kuvitumia, maana nywele inayoteleza haichanwi kwa nguvu, ila usidhani umepona.

Yai nalo, protini yake ni kubwa mno kupenya ndani ya unywele. Inakaa juu tu.

Mama Pacha

Na msioshe yai kwa maji ya moto. Mimi niliosha. Nilitembea wiki nzima na mayai ya kukaanga kichwani, watoto wangu hadi leo wakila mayai wananitazama.

Binti Lanet

Nyar Kisumo, najibu bila kuficha.

Naosha na shampuu. Ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi naosha na sabuni ya kipande. Kukausha, huwa natoka nyumbani nimeosha, nafika saluni bado ni mbichi, wanapiga blodrai halafu pasi ndiyo rasta zikae vizuri. Kulala, navaa mavin, kofia ya sufu. Lanet kuna baridi jameni, hasa Julai. Kufumua, nakata rasta na wembe juu kidogo ya pale nadhani nywele yangu imeisha, halafu navuta. Nikifumua Jumamosi asubuhi, jioni nimeshasukwa tena.

Nyar Kisumo

Woi. Woi. Wembe!

Sawa, mwizi tumempata, tena ni genge.

Nianze na wembe, maana ndio umeniuma. Hapo "nadhani imeisha" ndipo unapojikata. Rasta ikikaa miezi miwili nywele imeota na nyingine zimeteleza humo ndani, hujui ncha iko wapi. Unakata ncha nzima na zingine unazikwaruza tu, wembe unamenya ubavu wa unywele bila kuumaliza. Huo ndio unaopasuka wiki ijayo. Fumua kwa vidole na kitana cha mkia, weka filamu, utamaliza. Ukilazimika kukata rasta, kata chini kabisa, vidole vinne zaidi ya pale unapoogopa.

Pili, pasi juu ya nywele mbichi. Nawakemea hata wasusi wenzangu. Mwalimu ataeleza vizuri, mimi najua tu kwamba ukisikia "tssss" umeharibu.

Tatu, mavin. Sufu inanyonya mafuta, na kila ukigeuka kitandani inashika ncha na kuzivuta. Saa saba nzima kila usiku, hesabu mwenyewe. Sisemi ulale na baridi. Funga kitambaa cha satini kwanza, mavin juu yake. Hapa soko la Kibuye mimi hununua blauzi za satini za mitumba, zile kubwa ambazo hakuna anayezitaka, nakata mgongo nashona kofia mbili. Na Nakuru mitumba imejaa.

Sasa hesabu ya mkasi. Nywele zetu zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, wengine chini kidogo. Miezi mitatu, tatu. Vidole viwili vya huyo dada ni ngapi? Tatu na kitu. Kila alichootesha Mungu, yeye anakifagia. Nywele zako hazijagoma, dada. Zinafanya kazi na mshahara wote unaishia saluni.

Mwalimu wa Kemia

Hiyo "tssss" ni maji yanayochemka ndani ya unywele. Mvuke ukikosa njia unafanya mapovu humo ndani, na pale penye povu pamebaki ganda. Ukichana, unakatikia hapo. Kama ni lazima pasi, nywele ziwe zimekauka kabisa, joto lisizidi digrii 180 za Selsiasi, na mara moja tu kwa kila fungu.

Sabuni ya kipande: nywele zinapenda tindikali kidogo, kwenye kipimo cha pH kama 4.5 hadi 5.5. Sabuni hiyo iko 9 au 10. Magamba yanavimba na kuinuka, yanakwaruzana. Ndiyo maana baada yake nywele zinalia kama nyasi kavu. Na vidoti vyeupe vinavyokutisha ni mahali magamba yameisha na nyuzi za ndani zimefumuka, hapo ndipo unywele utakatikia. Ukikiona, kata juu yake.

Kijana wa Free Area

Mnazunguka tu. Ni maji ya visima ya Nakuru. Angalieni meno yetu!

Mwalimu wa Kemia

Meno kubadilika rangi ni floraidi, madini ya majini, kweli, lakini floraidi haishambulii nywele. Maji yanayokakamaza nywele ni yale magumu, yenye kalsiamu. Kipimo chake ni rahisi: sabuni ikitoa povu kwa urahisi, maji yako si magumu. Na maji yenye floraidi nyingi mara nyingi huwa na kalsiamu kidogo. Kwa hiyo visima vyenu vina kesi, ila si hii.

Mama Pacha

Mimi bado nasema akate zote, vidole vinne mara moja, aanze upya. Mpasuko unapanda. Ukiuacha leo ni sentimita moja, Desemba ni nne.

Nyar Kisumo

Kupanda unapanda, hapo sikatai. Ila mama, vidole vinne ni nusu mwaka wa mtu! Mimi huwa napima hivi. Gawa nywele zilizokauka katika mafungu ishirini au thelathini, sokota kila fungu kutoka kwenye mzizi. Sokoto likiwa nene vizuri mpaka chini halafu ncha zikawa mkia wa panya, kata pale mkia unapoanzia. Kwa wengi ni sentimita moja au mbili. Hiyo ni mara moja. Baada ya hapo, kila miezi mitatu au minne unapunguza kiasi cha ukucha tu, nusu sentimita, si zaidi.

Katikati ya hapo kuna kazi ya subira. Kaa dirishani mchana, taa ya usiku inadanganya, weka kitambaa cheupe begani, chambua kama mtu anayechambua mchele. Ukiona ulimi wa nyoka, kata nusu sentimita juu ya mpasuko. Ukiona fundo, maana nywele za kipilipili zinajifunga zenyewe, kata juu ya fundo, usilifungue kwa sindano. Hizo nywele ndefu ambazo ni nzima, ziache. Robo saa kila Jumapili inatosha, ukizidisha utaanza kuona mipasuko hata pasipo na mipasuko.

Na mkasi, tafadhali, uwe wa nywele na wa nywele tu. Ule wa jikoni umekata pakiti za maziwa, umefungua unga, ni butu. Mkasi butu haukati unywele, unauponda, na ncha iliyopondwa inapasuka upya kabla ya mwezi kuisha. Nina mteja alikuwa akijikata kila wiki na mkasi wa kitambaa cha mama yake, akidhani anatibu.

Shangazi wa Bungoma

Mulembe nyote. Mwanangu, kwa nini pasi hata kidogo? Sisi tulinyooshwa kwa uzi. Uzi mweusi, fungu kwa fungu, unazungushwa kutoka kwenye mzizi mpaka ncha, unalala nao, asubuhi nywele zimenyooka na hakuna aliyechomwa sikio. Ncha zinafunikwa na uzi kabisa, hazigusani na kitu. Tulidharau tulipoanza kupata pesa. Ila asikufunge akikaza pembeni mwa uso, utapoteza nywele za mbele na hizo si za mkasi.

Halafu mafuta. Mafuta ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda huwa yanavuka Busia, hayo ni laini kuliko yale magumu ya Afrika Magharibi. Paka kidogo mwishoni, nywele ikiwa na unyevu. Mafuta ya kichwani mwako hayashuki mpaka huko chini, nywele zetu zina kona nyingi mno.

Nyar Kisumo

Shangazi, asante, huo uzi niliusahau na ndio nilioanzia kazi! Bibi yangu angetia mo dhiang', samli ya ng'ombe, lakini nikimpaka binti wa siku hizi hiyo, hata matatu hawatamruhusu.

Mwalimu wa Kemia

Na usiku wa kuamkia siku ya kuosha, mafuta ya nazi. Kuna utafiti wa Rele na Mohile wa 2003 uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea nywele zinapooshwa, kwa sababu yanaingia ndani ya unywele. Hayataunganisha ncha. Yanapunguza tu uharibifu mpya.

Binti Lanet

Nimesoma yote mara mbili. Wembe nimetupa. Swali moja: nikikata, si ndiyo zinaota haraka? Mama anasema kinyume, saluni wanasema ndiyo.

Nyar Kisumo

Wote wawili wamekosea. Kuota kunafanyika kichwani, mkasi uko huku chini, hawajuani. Ukikata, unachookoa ni kile kilichoota. Mwambie mama namsalimia, na nywele haikasiriki.

Binti Lanet

Wiki kumi na moja baadaye, narudi kama nilivyoahidi.

Nilijipima kwa masokoto kama Nyar Kisumo alivyosema. Mkia wa panya ulianzia sentimita mbili, nikakata, nikalia kidogo. Vipande nilivichoma, maana nilikumbuka bibi na maneno yake ya nywele kuokotwa na watu wabaya. Tangu hapo pasi haijanigusa. Nafunga uzi Ijumaa usiku, na mara ya kwanza niliamka nikifanana na antena, mume alicheka hadi akakohoa. Satini chini, mavin juu. Rasta nimeweka mara moja tu, nikafumua kwa vidole jioni tatu, nikapumzisha nywele wiki mbili.

Bado ziko begani. Nilichokata ndicho kilichoota, na kidogo juu. Lakini sinki iko safi, vile vipande vifupi nimeona vitatu au vinne tu, na masokoto sasa ni manene mpaka chini. Kwa harusi, zitatosha kufungwa nyuma kwa fundo dogo. Nimejaribu. Linashika.

Hasara ni moja. Mkasi wangu wa nywele, wa mia sita, mpwa wangu aliukuta akautumia kukatia katoni ya mradi wa shule. Nimenunua mwingine na huu nimeuficha ndani ya debe la unga.

Nyar Kisumo

Hongera sana dada! Ila uutoe kabla hujasonga ugali.